Nilivyoipenda Kantri Nikiwa Bado Mtu wa Metali

Ukitaka kuukimbia muziki wa kantri nchini Kenya, utakimbia sana. Utaukuta redioni Jumapili jioni, utaukuta kwenye matatu za masafa marefu, na utaukuta katika baa za nyama choma, ambako mwanamuziki mmoja aliyevaa kofia pana huketi na gitaa lake akachanganya mugithi ya Wakikuyu na nyimbo za Kenny Rogers, huku wateja wakishikana mabega na kucheza kwa mstari. Dolly Parton, Don Williams, Jim Reeves na Charley Pride wana wapenzi hapa ambao hawajawahi kufika Tennessee wala hawaoni haja ya kufika. Nilipokuwa msichana wa metali, ule muziki mzito wa magitaa yanayonguruma, mwenye mabuti, fulana nyeusi na nywele zilizonyolewa upande mmoja, nilitumia nguvu nyingi kuhakikisha kwamba muziki huo haunigusi. Ulinigusa hata hivyo, na mabuti sikuyavua.

Nililelewa Nakuru, katika nyumba ambayo redio ilikaa dirishani kwa sababu hapo ndipo iliposhika mawimbi vizuri. Jumapili jioni mama alipiga pasi sare zetu za shule kwa pasi ya makaa, akinyunyizia maji kwa vidole kwenye marinda ya sketi, na kila alipoinua pasi ili kuipuliza jivu, sauti ya kantri ilikuwa ikiendelea pale dirishani. Kwa mtoto, sauti hiyo ilikuwa na habari moja tu: kesho ni Jumatatu. Mjomba wangu naye alikuwa na kaseti ya nyimbo za Krismasi za Jim Reeves, iliyopigwa hadi utepe wake ukaanza kuyumba, kiasi kwamba hata leo nikiyasikia matoleo safi ya nyimbo hizo huona kana kwamba yamekosewa. Sikuwa na sababu ya kuchukia chochote katika hayo. Chuki ilikuja baadaye, na ilikuja pamoja na elimu.

Elimu yenyewe niliipata kutoka X FM, stesheni ya Nairobi iliyokuwa ikipiga roki, kutoka kwa CD za kunakiliwa zilizopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kunifikia, na kutoka kwa saiba ya mjini ambako nililipia dakika zangu na kuzitumia kusoma mahojiano ya bendi na mabishano ya mashabiki. Huko nilijifunza kumtenganisha mtu wa thrash na mtu wa death metal, matawi mawili ya metali, kwa fulana tu. Nilijifunza pia kwamba mpenzi wa muziki mbadala akiulizwa anasikiliza nini hujibu kwamba anasikiliza kila kitu isipokuwa kantri. Nilikariri jibu hilo kama sala, na nililitoa kwa watu ambao hawakuwa wameniuliza.

Ilichukua muda mrefu kwangu kutambua kwamba ule ulikuwa ugomvi wa watu wengine. Kijana wa Marekani aliyekulia mji mdogo, akapaka kucha rangi nyeusi na kuteswa shuleni na wavulana wenye magari ya pikapu, ana sababu yake ya kukereka anaposikia fidla, kwa kuwa muziki ule ulikuwa ukitoka katika pikapu zile. Mimi sikuwahi kuteswa na mtu mwenye kofia ya mchunga ng'ombe. Waliotusumbua sisi walikuwa wahubiri na majirani waliotuita waabudu shetani, na jambo hilo halikuwa mzaha mdogo katika nchi ambayo Rais wake, Daniel arap Moi, aliunda tume mwaka 1994 kuchunguza ibada za kishetani. Fulana yenye fuvu la kichwa ilitosha kukufanya ukaitiwe mchungaji. Nakiri kwamba baadhi ya hao waliotuombea walikuwa wapenzi wakubwa wa Jim Reeves, hasa zile nyimbo zake za dini, na kwetu kantri ilikuwa muziki wa watu wenye heshima zao. Lakini sababu niliyoitaja nilipoulizwa haikuwa hiyo ya nyumbani. Nilitaja ile ya pikapu, ambazo nilikuwa nimeziona kwenye picha tu.

Watu wetu wengi huingia katika kantri kupitia mlango mmoja, nao ni Johnny Cash. Mimi pia niliingilia hapo. Mwaka 1994 Cash alitoa albamu ya kwanza aliyorekodi na Rick Rubin, mtayarishaji yuleyule aliyesimamia albamu ya Slayer ya 1986 ambayo kila mpenzi wa thrash anaiheshimu, na mmoja wa nyimbo zilizomo uliandikwa na Glenn Danzig, mwimbaji wa roki nzito. Baadaye Cash akaimba nyimbo za Soundgarden, Depeche Mode na Nine Inch Nails. Albamu yao ya pili ilipopata tuzo ya Grammy mwaka 1998 licha ya kupuuzwa na redio za kantri, Rubin alinunua ukurasa katika jarida la Billboard ili kuushukuru kwa kejeli uongozi wa muziki wa Nashville, mji wa kantri kule Tennessee, kwa msaada wake, akaweka hapo picha ya Cash akiwa ndani ya gereza la San Quentin, ameikunja midomo na kunyosha kidole cha kati mbele ya kamera. Ni nani kati yetu angeweza kuikataa picha hiyo?

Hapo ndipo penye mtego. Kwa mtu wa utamaduni mbadala, Cash ni kibali: ukisema unampenda, hakuna anayekuuliza zaidi, na unaweza kuendelea kuidharau kantri iliyobaki ukiwa na amani moyoni. Nilimpenda kwa sababu zilezile zilizonifanya niipende metali, yaani nguo nyeusi, gereza, kifo na kidole, na kwa miaka kadhaa nilidhani nimeingia katika kantri kumbe nilikuwa nimesimama barazani. Jambo hilo halimshushi Cash hata kidogo. Linaonyesha tu kwamba sisi tunaojivunia masikio yaliyo wazi huwa tunayafungua zaidi pale tunapojiona sisi wenyewe.

Walionitoa barazani walikuwa Charlie na Ira Louvin, ndugu wawili kutoka Alabama. Picha ya jalada la albamu yao ya 1959, Satan Is Real, ilinijia kama mzaha, kwa kuwa rafiki alinitumia akidhani ni ya bendi fulani ya Norwei iliyoamua kujichekesha. Wanaume wawili wamesimama wakiwa wamevaa suti nyeupe, wamenyosha mikono, moto unawaka kuwazunguka, na nyuma yao amesimama shetani mwekundu mrefu kuliko nyumba, mwenye meno yasiyolingana. Shetani huyo alikuwa wa mbao nyembamba, aliyetengenezwa na Ira mwenyewe, na moto ulikuwa wa kweli, wa matairi yaliyomwagiwa mafuta ya taa. Nilicheka sana, kisha nikausikiliza muziki nikitarajia kuendelea kucheka.

Sikuendelea. Sauti zao mbili zilikuwa zimebanana hivi kwamba mara nyingine sikuweza kusema ni ipi iliyokuwa ikipanda na ipi iliyokuwa ikishuka, na ndani yake kulikuwa na hofu ambayo haikuigizwa. Bendi za metali nilizozipenda zilimtaja shetani katika kila wimbo bila hata mwanachama mmoja kuamini kwamba yupo. Hawa waliamini kwamba yuko nje ya mlango. Ira, aliyeimba dhidi ya dhambi kwa sauti nyembamba kama wembe, alikuwa mlevi na mtu wa hasira aliyezivunja mandolini zake, na sauti yake inasikika kama ya mtu anayejihubiria nafsi yake na asiyeitikia. Baada ya kuyasikia hayo, nilizirudia baadhi ya fulana zangu na kuzitazama kwa jicho jingine. Kuna mambo ambayo sisi tumeyafanya mapambo, na watu wa kanisani waliyaogopa kikweli kuliko tulivyowahi kuthubutu.

Kutoka hapo nilijifunza kusikiliza upya, na hapa nitakaa kidogo, maana ndilo jambo lililobadilika zaidi kwangu. Metali humfundisha msikilizaji kuvumilia. Unakaa ndani ya kelele dakika nane, sikio linazoea, halafu linaanza kuona tabaka za gitaa na nyendo za ngoma. Maneno mara nyingi hayasikiki, na hakuna anayelalamika. Kantri huyaweka maneno mbele kabisa, na inakutaka ufuate kisa hadi ubeti wa mwisho kwa sababu mara nyingi ubeti huo ndio unaogeuza yote uliyoyasikia. Mwaka 1980 George Jones alitoa wimbo kuhusu mwanamume aliyemwambia mwanamke kwamba atampenda mpaka afe. Mwanamke akamwambia kwamba baada ya muda atamsahau. Miaka ikapita, barua zake alizihifadhi, na leo wamekuja kumchukua nyumbani kwake, amevalishwa vizuri, na ndiyo mara ya kwanza wamemwona akitabasamu baada ya miaka mingi. Msikilizaji asiye makini hupita katikati ya habari hiyo bila kugundua kwamba yumo kwenye mazishi. Jones mwenyewe aliamini kwamba wimbo ule ulikuwa wa huzuni mno na kwamba hakuna atakayeununua. Nilikuwa na rafu nzima ya albamu zilizojaa maiti, na hakuna hata moja iliyowahi kunifanya nizime redio na kukaa kimya.

Kisha kuna lile gitaa linalolia, liitwalo pedal steel. Nilikuwa nikilitaja kwa dharau kama sauti ya paka, mpaka nilipomtazama mtu akilipiga karibu, katika video iliyomulika mikono na miguu yake. Gitaa hilo halishikwi kifuani. Linalazwa juu ya miguu ya chuma mfano wa meza ndogo, na mara nyingi lina nyuzi 10. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, mguu mmoja unakanyaga vikanyagio vinavyovuta nyuzi hizi na si zile, magoti yanasukuma vishikio vilivyo chini, na mguu mwingine unapunguza na kuongeza sauti ili mtu asisikie wimbi linapoanzia. Chimbuko la upigaji huo ni Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19. Mimi niliyekuwa nikihesabu kasi ya wapiga gitaa wa thrash niliona kwamba mtu huyu alikuwa na kazi nyingi kuliko wao, na kazi yake yote ilikuwa ni kuificha kazi hiyo.

Mavazi nayo yalinichekesha kwa namna iliyonirudia mwenyewe. Nina kizibao cha jinzi ambacho nimekishonea beji za bendi mwenyewe, kwa uzi wa kusafishia meno, kwa kuwa uzi huo haukatiki hata ukisukumana na umati mzima mbele ya jukwaa. Kila beji ina historia yake, na mtu akivaa beji ya bendi asiyoijua tunamhoji kama askari wa forodha. Nilikuwa nikiwacheka wanamuziki wa kantri kwa suti zao zenye vito vya kung'aa na maua ya kudarizi. Baadaye nikasoma kuhusu Nudie Cohn, fundi cherehani aliyezaliwa Kyiv na kuhamia Marekani, ambaye duka lake la California ndilo lililowavisha nyota wa kantri suti hizo. Mwaka 1969 mwimbaji Gram Parsons alivaa suti kutoka katika duka hilo iliyodariziwa vidonge, majani ya bangi na mipopi mbele, na msalaba mkubwa mgongoni. Ile ilikuwa beji yetu, ila kwa uzi wa bei ghali zaidi. Na kama kuna anayedhani kofia pana na ngozi nyeusi haviwezi kukaa pamoja, awatazame wapenzi wa metali wa Botswana, wanaojiita Marok, ambao mpiga picha wa Afrika Kusini Frank Marshall aliwafanya wajulikane duniani. Katika nchi ya ng'ombe, wenzetu hao huvaa ngozi na vyuma kuanzia kichwani hadi miguuni, mabuti na kofia za wachungaji, katika joto la Kalahari, na hawaombi kibali cha Nashville wala cha mtu yeyote.

Kuna upande ambao siukubali, na kuupenda muziki huu hakukunifunga macho. Bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana kuutetea utumwa imepeperushwa kwenye majalada ya kantri, na mwenye kudhani kwamba metali ni safi akumbuke kwamba Pantera nao waliibeba. Mwaka 1927 jina la Grand Ole Opry, kipindi mashuhuri kuliko vyote vya redio ya kantri, lilitamkwa kwa mara ya kwanza usiku ambao DeFord Bailey, mtu mweusi, alikuwa amepiga harmonika yake akiigiza garimoshi. Mwaka 1941 alifutwa kazi, akaishia kung'arisha viatu Nashville, na aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa kantri mwaka 2005, miaka mingi baada ya kufa. Banjo nayo asili yake ni vyombo vya kibuyu vya Afrika Magharibi vilivyovuka bahari pamoja na watumwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kantri ni muziki wa wazungu, simkasirikii, lakini humwomba atazame jambo hilo tena kwa utulivu.

Kwetu hapa habari hiyo ina sura yake pia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis na kurekodi nyimbo kadhaa kuhusu kiumbe, nusu mtu nusu swara, aliyeitwa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko na gramafoni. Katika wimbo maarufu zaidi wasichana wanaimba kwa kinubi, wakimwalika mtu-swara huyo aje acheze nao mpaka nguo zimvuke. Nilikulia Nakuru, safari ya saa chache tu kutoka hapo, na nilikuwa nimeyajua majina ya bendi ndogondogo za Uswidi kabla ya kuwasikia wasichana hao. Nilipowasikia, kitu kilichonishangaza ni jinsi walivyomchukua mtu wa mbali na kumfanya wanavyotaka wao, bila kumwiga na bila kumkataa. Sisi mashabiki wa metali wa Nairobi tulitumia miaka mingi tukijaribu kufanana na watu wa Tampa ya Marekani na Bergen ya Norwei, miji mashuhuri kwa metali. Kundi la Duma la Nairobi, lililotoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, liko karibu zaidi na wasichana wa Kapkatet kuliko na Bergen, na nadhani ndiyo sababu dunia ililisikiliza.

Jim Reeves ndiye niliyemfikia mwisho, kwa kuwa yeye hana gereza, hana shetani wa mbao wala hasira yoyote ambayo mtu wangu wa zamani angeweza kuishika. Ana sauti laini iliyosogezwa karibu sana na kipaza sauti, waimbaji wa kuitikia nyuma yake, na vinanda vinavyopita polepole. Alikufa tarehe 31 Julai 1964 akiirusha mwenyewe ndege ndogo iliyoanguka katika dhoruba karibu na Nashville, akiwa na miaka 40. Nilimsikiliza tena kwa vipokea sauti vilevile ninavyosikilizia metali, na nikaona jinsi anavyoachia neno la mwisho la mstari kabla sauti haijachoka, kila mara, bila kujionyesha. Mama alipoyasikia hayo yakitoka chumbani kwangu alisimama mlangoni akauliza, "Si wewe ndiye ulisema hizi ni nyimbo za wazee?" Nikamwambia kwamba nimezeeka. Akajibu kwamba kuzeeka si kunyoa kichwa nusu, akaingia, akaketi. Tulibishana kuhusu Hank Williams, ambaye yeye anamwona mlevi asiyejua kuimba na mimi namwona kama baba wa kila mtu niliyempenda baadaye. Hatujakubaliana.

Wenzangu wa metali waliichukua habari hii kwa mizaha. Waliniuliza kofia nitanunua lini. Nilipokwenda katika usiku wa kantri jijini Nairobi nilivaa fulana yangu ya kawaida, ile ya bendi ambayo jina lake limeandikwa kwa michirizi isiyosomeka, nikitarajia kutazamwa vibaya. Mzee mmoja mwenye tai ya kamba na viatu vilivyong'arishwa alinikaribia, akainama kidogo, akauliza, "Samahani, binti yangu, hayo ni maandishi ama ni mizizi?" Nilimsomea. Akarudia jina hilo kwa adabu, kisha akaniuliza kama bendi hiyo ina mpiga fidla. Usiku ule hakuna aliyenihoji ninajua albamu ngapi za Merle Haggard, na niseme wazi kwamba katika kumbi zetu mgeni mwenye kofia pana asingepata ukarimu wa namna hiyo bila mtihani.

Rafiki yangu mmoja mpiga ngoma, ambaye miguu yake yote miwili huwa kazini wimbo mzima, ndiye aliyeshikilia msimamo kwamba kantri haina chochote cha kumfundisha. Sikumpa Cash. Nilimpa Waylon Jennings wa miaka ya 1970, nikamwomba asisikilize kitu kingine ila ngoma za Richie Albright, anayeweka mguu wake kwenye kila pigo na kuuacha hapo. Alirudi baada ya majuma machache akiwa amekasirika kidogo, kwa kuwa alikuwa amejaribu kupiga hivyo na kila mara mkono wake uliongeza kitu ambacho hakikuhitajika. Sasa tunafanya mazoezi ya wimbo mmoja wa kasi ndogo, kwa Kiswahili, kuhusu dereva wa lori la usiku wa barabara ya Nakuru hadi Malaba. Yeye anataka gitaa langu lisiwe na mngurumo kabisa, mimi nataka liwe nao kidogo katika ubeti wa mwisho, na mpiga besi amesema atakayeshinda hoja hiyo ndiye atakayelipia chumba cha mazoezi.